Thamani ya Cheti cha Mtaalamu wa Kanzidata
Somo kwa anayetaka kulipia mafunzo na kwa anayetaka kuajiri

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la zamani lilikuwa la karatasi, likafungiwa kabatini, na aliyeshika ufunguo alijulikana kwa jina. Leo daftari la chama cha akiba na mikopo, la zahanati, la shule na la duka la jumla limehamia ndani ya kompyuta, nalo huitwa kanzidata. Jina hilo lina maana nzito, kwa kuwa kanzi ni hazina.

Mtaalamu wa kanzidata ndiye mtunza hazina hiyo. Yeye hupanga taarifa ili zipatikane upesi, huamua nani azione na nani azibadilishe, hutengeneza nakala rudufu, na huzirejesha siku mtambo unapoharibika. Kazi yake ikienda vizuri haionekani. Ikienda vibaya, mwanachama hufika dirishani na kuambiwa kwamba salio lake halipo.

Tumeandaa somo hili kwa ajili ya watu wawili. Wa kwanza ni kijana, au mzazi wake, anayetaka kulipa ada ili apate cheti cha kitaaluma cha kanzidata kwa matumaini ya ajira. Wa pili ni meneja au mwenyekiti wa taasisi ndogo anayepokea barua za maombi ya kazi zilizoambatanishwa na vyeti vingi, naye hana utaalamu wa kuvipima. Wote wawili ni walaji: mmoja ananunua cheti, mwingine ananunua kazi ya mwenye cheti. Wote huuliza swali lile lile: hati hii ina thamani gani?

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Cheti ni ushahidi wa jambo moja lenye mipaka: kwamba mtu aliyetajwa, katika tarehe iliyotajwa, alifaulu mtihani wa mtoaji kuhusu programu fulani. Ushahidi huo una thamani endapo unaweza kuhakikiwa kwa mtoaji mwenyewe, endapo muda wake haujapita, na endapo mwenye cheti anaweza kuonyesha kwa vitendo yale ambayo mtihani uliyauliza kwa maneno. Sehemu zinazofuata zinafafanua masharti hayo.

Hati tatu zinazofanana kwa macho

Chanzo kikubwa cha hasara ni kuchanganya hati tatu ambazo zote huandikwa kwenye karatasi nene, zenye nembo na saini.

Hati ya kwanza ni tuzo ya elimu, yaani astashahada, stashahada au shahada. Hutolewa na chuo baada ya masomo ya muda mrefu. Hapa Tanzania vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na vyuo vya ufundi na ufundi stadi husimamiwa na baraza linalojulikana kwa kifupi kuwa NACTVET. Tuzo ya elimu haipitwi na wakati kisheria, nayo hufundisha misingi ya taaluma kuliko matumizi ya bidhaa moja.

Hati ya pili ni hati ya kuhudhuria mafunzo. Hutolewa na kituo cha mafunzo kwa kila aliyelipa na kukaa darasani siku zilizopangwa. Hati hii si ya uongo, na mafunzo yenyewe yanaweza kuwa mazuri sana. Hata hivyo haithibitishi kwamba aliyehudhuria aliyaelewa aliyofundishwa, kwa sababu hakuna mtu wa nje aliyemtahini.

Hati ya tatu ndiyo cheti cha kitaaluma tunachokizungumzia. Hutolewa na kampuni inayomiliki programu ya kanzidata, au na jumuiya ya wanataaluma, baada ya mtahiniwa kufaulu mtihani unaosimamiwa. Huwa na jina la mwenye cheti, jina kamili la cheti, tarehe, na namba au kiungo cha kukihakiki.

Swali moja hutenganisha hati hizi: nani aliyetahini? Kama aliyefundisha, aliyetahini na aliyetoa cheti ni kituo kimoja cha mtaani, na hakuna chombo cha nje kinachojua kwamba mtihani huo ulifanyika, basi kilichonunuliwa ni mafunzo. Mafunzo yana bei yake halali, lakini hayapaswi kuuzwa kwa bei na kwa jina la cheti cha kimataifa.

Watoaji wa vyeti na wanachokitahini

Vyeti vingi vya kanzidata hutolewa na kampuni zinazotengeneza bidhaa. Oracle kwa miaka mingi imekuwa na ngazi tatu zinazofuatana, ambazo hujulikana kwa vifupisho vya OCA, OCP na OCM. Ngazi ya juu kabisa imekuwa ya pekee, kwa sababu kwa matoleo kadhaa ya programu hiyo mtahiniwa alikaa mbele ya kompyuta kwa siku mbili akitengeneza na kurekebisha kanzidata halisi, badala ya kuchagua majibu.

Microsoft ilikuwa na cheti cha MCDBA enzi za SQL Server 2000, kisha ikaleta vyeti vya MCITP, MCSA na MCSE. Vyeti vya MCSA na MCSE viliondolewa rasmi tarehe 31 Januari 2021. Kwa sasa msimamizi wa kanzidata za kampuni hiyo hufanya mtihani wenye alama ya DP-300, unaohusu zaidi kanzidata zinazohifadhiwa kwenye seva za kukodi kupitia intaneti. Ili afaulu anahitaji alama 700 katika kipimo cha 1,000.

Amazon nayo, kupitia tawi lake la AWS, ilikuwa na cheti maalumu cha kanzidata, lakini mtihani wake ulisitishwa mwezi Aprili 2024. MongoDB hutoa vyeti kwa wasimamizi na kwa waandishi wa programu wanaotumia kanzidata yake isiyofuata mfumo wa majedwali.

Wapo pia watoaji wasiofungamana na bidhaa moja. Jumuiya ya DAMA hutoa cheti cha CDMP kinachohusu usimamizi wa data kwa upana wake: ubora wa data, umiliki, usalama na utawala wake. CompTIA ilianzisha cheti cha DataSys+ mwaka 2023 kwa wasimamizi wa kanzidata wanaoanza kazi.

PostgreSQL inahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa hutumiwa sana na taasisi zisizotaka kulipia leseni. Programu hiyo haimilikiwi na kampuni moja, bali huendelezwa na jumuiya ya watu wa nchi nyingi. Vyeti vyake hutolewa na kampuni zinazouza huduma na mafunzo kuhusu programu hiyo. Kwa hiyo mwenye kukuuzia mtihani wa PostgreSQL akwambie wazi cheti kitatolewa kwa jina la kampuni gani, nawe ujiulize kama waajiri unaowalenga wanaijua kampuni hiyo.

Faida za cheti

Faida ya kwanza ni mpangilio wa masomo. Mtu anayejifunza peke yake hujifunza anachokipenda na kuacha kinachomchosha. Wengi hupenda kuandika maswali ya SQL ya kuchota taarifa, na wachache hukaa kusoma namna ya kugawa ruhusa za watumiaji, kufuatilia mwenendo wa seva au kupanga ratiba ya nakala rudufu. Mwongozo wa mtihani, ambao watoaji wakubwa huuweka wazi bila malipo, humlazimisha mtahiniwa apite pote. Hata asiyekusudia kufanya mtihani anaweza kuutumia mwongozo huo kama ramani ya masomo yake.

Faida ya pili ni kufunguliwa mlango. Mwajiri anayepokea maombi mengi hutafuta njia ya kuyapunguza, na cheti kinachohakikika ni mojawapo. Kadhalika baadhi ya zabuni huwataka wazabuni waonyeshe kwamba wanao watumishi wenye vyeti vya bidhaa husika. Katika hali hiyo cheti kina thamani ya moja kwa moja kwa kampuni, na mtumishi mwenye nacho ana haki ya kuitumia hoja hiyo anapojadili mshahara.

Faida ya tatu ni lugha ya pamoja. Wataalamu wawili waliosoma muhtasari mmoja huelewana haraka wanapokabidhiana kazi, na makosa yatokanayo na kutoelewana hupungua.

Hatusemi kwamba cheti huleta ajira. Anayekuahidi kazi kwa sharti la kununua cheti anakuuzia kitu kisicho mali yake, kwa sababu uamuzi wa kuajiri uko kwa mwajiri.

Mipaka ya cheti

Mpaka wa kwanza ni umri. Tumeona hapo juu kwamba vyeti hufutwa au hubadilishwa kadiri bidhaa zinavyobadilika. Vyeti vya AWS hudumu miaka 3. Vyeti vya Microsoft vya ngazi ya kati hudumu mwaka 1, ingawa mwenye cheti huweza kukihuisha bure mtandaoni kabla muda haujaisha. Cheti kilichopitwa na wakati si cha aibu, kwa kuwa huonyesha historia ya mtu katika taaluma. Lakini anayekitumia leo aseme ni cha mwaka gani na cha toleo lipi.

Hapa ndipo elimu ya msingi inapokizidi cheti. Mfumo wa kupanga taarifa kwa majedwali yenye uhusiano ulielezwa na Edgar F. Codd, aliyekuwa mtafiti wa IBM, mwaka 1970. Lugha ya SQL ilipata kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1986 na kiwango cha kimataifa mwaka 1987. Bidhaa nyingi zimekuja na kuondoka tangu wakati huo, lakini anayeielewa misingi hiyo huhama kutoka bidhaa moja kwenda nyingine bila kuanza upya.

Mpaka wa pili ni namna ya kutahini. Mitihani mingi ni ya kuchagua majibu. Baadhi ya watu huikariri kwa kununua mikusanyo ya maswali yaliyovujishwa, ambayo huuzwa mitandaoni kwa majina ya kuvutia. Kufanya hivyo ni kuvunja makubaliano ambayo kila mtahiniwa huyakubali kabla ya mtihani, na mtoaji aweza kumfutia matokeo na kumfungia asifanye mitihani mingine. Hasara kubwa zaidi huja baadaye, kazini, mbele ya seva iliyozimika, ambako hakuna majibu manne ya kuchagua.

Mpaka wa tatu ni tofauti kati ya kujua na kuzoea. Tukio moja linalojulikana hadharani litatusaidia kuuona. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayowahifadhia kazi waandishi wa programu wa nchi nyingi, ilikuwa ikirekebisha hitilafu kati ya seva zake mbili za kanzidata. Mhandisi mmoja alikusudia kufuta taarifa kwenye seva ya akiba, lakini akazifuta kwenye seva kuu. Alipogundua na kusimamisha amri, takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimekwisha kufutwa. Walipozitafuta nakala rudufu, waliona kwamba zile zilizopaswa kutengenezwa kila siku hazikuwapo: programu iliyozitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata, na barua pepe za kuonya kwamba kazi imeshindikana zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Taarifa za saa hizo 6 hazikurudi.

Kampuni hiyo iliyaeleza yote hadharani, jambo linalostahili heshima. Hatusemi kwamba wahusika walikuwa na vyeti au hawakuwa navyo. Tunachotaka msomaji akione ni hiki: ratiba ya nakala rudufu ilikuwapo, na watu walijua umuhimu wake, ila hakuna aliyekuwa amezijaribu kuzirejesha. Mtihani wa kuchagua majibu unaweza kuuliza amri ya kutengeneza nakala rudufu. Hauwezi kukwambia kama mtu huyu ana tabia ya kuzijaribu nakala zake.

Kabla hujalipa ada

Kwa msomaji anayetaka kulipa, tunashauri apate majibu ya maswali yafuatayo kwa maandishi, kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, uliza jina kamili la cheti na la mtoaji, kisha ulitafute kwenye tovuti ya mtoaji mwenyewe. Usitumie kiungo ulichotumiwa na muuzaji. Hakikisha kwamba mtihani huo bado unatolewa. Mtu aliyelipia maandalizi ya cheti kilichosimamishwa hana pa kukifanyia mtihani.

Pili, uliza kama ada inajumuisha mtihani wenyewe. Vituo vingi hutoza ada ya mafunzo pekee, na mwanafunzi hugundua mwishoni kwamba mtihani hulipiwa kando, aghalabu kwa dola za Marekani. Kama ada inajumuisha vocha ya mtihani, uliza vocha hiyo inaisha lini, na itakuwaje ukiwa mgonjwa siku ya mtihani.

Tatu, uliza gharama ya kurudia. Kufeli mara ya kwanza ni jambo la kawaida, na kila mtoaji ana masharti yake. Kwa Oracle na AWS mtahiniwa aliyefeli husubiri siku 14 kabla ya kurudia, na kwa kawaida hulipa tena. Anayeahidi kwamba hakuna anayefeli aeleze anawezaje kulijua hilo kabla ya mtihani kufanyika.

Nne, uliza mahali pa kufanyia mtihani. Mitihani ya Microsoft na ya AWS, kwa mfano, huendeshwa na kampuni ya Pearson VUE kupitia vituo ilivyoviidhinisha au nyumbani kwa uangalizi wa kamera. Ukichagua nyumbani, fikiria umeme na mtandao wa mahali ulipo. Hakikisha pia kwamba jina ulilojiandikisha nalo linalingana na la kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina matatu, na mpangilio wake kwenye kitambulisho cha Taifa na kwenye pasipoti huweza kutofautiana. Mtahiniwa aliyekataliwa mlangoni anaweza kupoteza ada yake yote.

Tano, uliza utafanya mazoezi kwa saa ngapi ukiwa na kompyuta yako mwenyewe mbele yako. Darasa la watu kumi wanaotazama ukutani mwalimu akiandika amri halitoshi kumtengeneza msimamizi wa kanzidata.

Tunamkumbusha msomaji pia kwamba mazoezi mengi yanawezekana bila gharama ya programu. PostgreSQL ni ya bure. MySQL ina toleo la bure. Oracle na Microsoft nazo zina matoleo ya bure kwa ajili ya kujifunza na kwa kazi ndogo, na Microsoft huweka masomo yake mtandaoni bila ada. Mwenye kompyuta ya kawaida na kifurushi cha intaneti anaweza kuanza leo, akajua baada ya miezi michache kama kazi hii anaipenda, ndipo akaamua kulipia mtihani. Tunaona mpangilio huo ni salama kuliko kulipa kwanza na kujuta baadaye.

Kabla hujaajiri

Kwa meneja, hatua ya kwanza ni kuhakiki cheti kwa mtoaji. Nakala ya karatasi, hata iliyogongwa muhuri wa wakili, huthibitisha tu kwamba inafanana na karatasi nyingine. Watoaji wakubwa wana njia za mtandaoni: mwenye cheti hutoa kiungo au namba, nawe unayaona kwenye tovuti ya mtoaji jina lake, cheti chake, na kama bado kina nguvu. Vyeti vya AWS, kwa mfano, huambatana na beji za kidijitali zinazohifadhiwa na Credly, na Microsoft humwezesha mwenye cheti kumtumia mwajiri kiungo cha orodha ya vyeti vyake. Mwombe mwombaji kiungo hicho kwa adabu, na uwaombe wote kwa usawa. Mwenye cheti halali hukitoa bila shida.

Hatua ya pili ni kulinganisha cheti na mtambo wenu. Chama kinachotumia MySQL hakinufaiki sana na cheti cha huduma za Azure, hata kiwe cha heshima namna gani. Muulize aliyewafungia mfumo ni kanzidata gani inatumika na ni toleo lipi, uandike, kisha usome vyeti vya waombaji ukiwa na karatasi hiyo mkononi.

Hatua ya tatu ndiyo tunayoiona kuwa muhimu kuliko zote, nayo haihitaji meneja awe mtaalamu. Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama mia kadhaa. Mwandalie mwombaji kompyuta isiyounganishwa na mfumo wenu, yenye kanzidata ya majaribio iliyojazwa majina na fedha za kubuni. Usitumie taarifa za kweli za wanachama. Kabla hajaanza, andika kwenye karatasi idadi ya wanachama iliyomo na jumla ya akiba zao. Kisha mwambie: “Ndugu, tunaomba utengeneze nakala rudufu, ufute orodha ya wanachama, halafu uirejeshe.” Mpe saa moja, na umruhusu atumie vitabu na intaneti, kwa kuwa kazini ataruhusiwa.

Akimaliza, hesabu upya. Idadi ya wanachama na jumla ya akiba ziwe zile zile ulizoziandika, hadi shilingi ya mwisho. Halafu muulize maswali matatu. Kama nakala ya mwisho ilitengenezwa usiku na mtambo umeharibika saa nane mchana, tutapoteza nini? Nakala utaiweka wapi ili isiungue pamoja na ofisi? Utaijaribu kila baada ya muda gani? Majibu yaliyo wazi, yanayoeleweka na mtu asiye fundi, ni dalili njema. Maneno mengi ya kiufundi yasiyojibu swali ni dalili nyingine.

Jaribio hili linawafaa hata waombaji wasio na vyeti. Yumkini mtu aliyejifunza kwa kuitumikia taasisi miaka mitano akalimaliza kwa dakika ishirini, na mwenye vyeti vitatu akashindwa. Endapo hilo litatokea, amini ulichokiona. Kama una mwombaji mwenye cheti kilichohakikiwa ambaye pia amefaulu jaribio, huyo amekupa ushahidi wa aina mbili, na hapo cheti kimefanya kazi yake.

Jambo hili si la ufanisi pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisipotee na zisifikiwe na wasiohusika. Wajibu huo unabaki kwa taasisi. Meneja hawezi kujitetea kwamba aliyemwajiri alikuwa na cheti.

Endapo umepotoshwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kuwapotosha walaji kuhusu bidhaa au huduma anazouza. Kutangaza hati ya kuhudhuria kana kwamba ni cheti cha kampuni ya kimataifa kunaweza kuingia katika katazo hilo. Ili malalamiko yako yasikilizwe, tunza ushahidi tangu siku ya kwanza: tangazo lenyewe, ujumbe wa simu, fomu ya kujiunga, na risiti ya kielektroniki ya malipo. Kituo kinachokataa kukupa risiti kimekuonya mapema. Kiandikie kituo kwanza, ukieleza ulichoahidiwa, ulichopewa na unachodai, na ukipe muda wa kujibu. Kisipojibu, wasilisha malalamiko kwa mamlaka inayohusika ukiambatanisha vielelezo vyote.

Maswali ya kujipima

1. Kituo kinatangaza “cheti cha kimataifa cha kanzidata ndani ya siku tatu, hakuna mtihani”. Hati hiyo ni ya aina gani kati ya tatu tulizozieleza?

2. Mwombaji anakuletea cheti cha MCSA cha mwaka 2016. Je, amekudanganya?

3. Zahanati yenu inatumia PostgreSQL. Mwombaji wa kwanza ana cheti cha Oracle kilichohakikiwa. Wa pili hana cheti, lakini amefanya kazi na PostgreSQL miaka minne. Utamchaguaje?

Majibu kwa ufupi. Katika swali la kwanza, hati hiyo ni ya kuhudhuria, kwa kuwa pasipo mtihani hakuna aliyetahiniwa. Katika swali la pili, hajakudanganya: cheti hicho kilikuwapo mwaka huo na kimeondolewa baadaye, hivyo muulize amejifunza nini tangu wakati ule. Katika swali la tatu, wape wote wawili jaribio la kurejesha nakala kwenye PostgreSQL. Wa kwanza ana misingi inayohamishika, wa pili ana mazoea ya mtambo wenyewe, na hesabu ya mwisho ndiyo itakayoamua.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tunamsihi kila msomaji, kabla ya kulipa au kuajiri, akumbuke daftari la kale na aliyeshika ufunguo wake. Watu walimwamini kwa sababu walimwona akifungua kabati na kuhesabu mbele yao. Cheti ni mwanzo mzuri wa imani hiyo, na hesabu mbele ya macho ndiyo inayoikamilisha.